Video Inaonyesha Ngoma, Haionyeshi Unyago: Bi Kidude, Mabibi Harusi na Sisi Tuliobaki



Leo tunazungumza jambo ambalo limetugawa wenyewe kwa wenyewe. Ni zile video za zamani za marehemu Bi Kidude, ambazo yuko jukwaani usiku, kanga imefungwa kiunoni, ngoma ya msondo iko baina ya mapaja, na mbele yake watu wamejaa, wanaume kwa wanawake, wanashangilia. Video hizi zimerudi kwa nguvu. Zinawekwa kwenye singo, zinawekwa ukumbini, zinapita kutoka simu hii kwenda simu ile kila msimu wa harusi unapoingia. Mmoja wetu akiziona machozi yanamlenga kwa mapenzi. Mwengine anasema zizimwe, bibi wa watu keshatangulia mbele ya haki, aachwe apumzike. Wa tatu anauliza: tukizizima hizi, mabinti wetu watafundwa na nani?

Msimamo wetu tunausema mapema, ili msomaji asisumbuke kuutafuta. Video zile zina thamani na hatutaki zifutwe. Lakini video si somo, wala haiwezi kuwa somo. Inaonyesha ngoma, haionyeshi unyago. Bi harusi anayedhani ameshafundwa kwa sababu ameitazama mara kumi anaingia nyumbani kwa mumewe akiwa hana kitu mkononi.

Mwanamke tunayemzungumza

Kwa wadogo zetu ambao walikuwa bado wachanga alipofariki, tuanze na yeye mwenyewe. Jina lake lilikuwa Fatuma binti Baraka. Alizaliwa Mfagimaringo, Unguja, mwanzoni mwa karne ya 20, zama ambazo mtoto wa masikini hakuandikiwa tarehe, ndiyo maana umri wake ulitajwa kwa makisio mpaka siku ya mwisho. Baba yake alikuwa muuza nazi. Akiwa mdogo alizishika nyimbo za Siti binti Saad kwa kuzisikiliza tu. Mwenyewe akisimulia kwamba alikimbilia bara akiwa msichana, akiikwepa ndoa aliyopangiwa, akatembea huko miguu mitupu. Aliporudi Unguja aliishi kwa kuimba, kutia hina, kutengeneza dawa za miti shamba na, zaidi ya yote, kwa kufunda wari.

Ulimwengu ulimjua akiwa keshakuwa bibi. Alisafiri Ulaya na Culture Musical Club. Mwaka 2005 alipewa tuzo ya WOMEX huko Uingereza, na mwaka 2006 ikatoka filamu juu ya maisha yake. Nyumbani, tamasha la Sauti za Busara lilipoanza Ngome Kongwe mwaka 2004, yeye ndiye aliyekuwa kivutio chake mwaka baada ya mwaka. Alifariki tarehe 17 Aprili 2013, na siku ya maziko yake watu walikuja kutoka kila upande, wakubwa kwa wadogo.

Na unyago je? Unyago wetu haukuanzia kwenye majumba ya wakubwa. Ulivuka bahari na wanawake wa bara, wengi wao wakiwa wameletwa visiwani kwa utumwa. Mwanamke aliyenyang'anywa kila kitu alibaki na jambo moja la kumpa binti yake: maneno ya kumtoa utotoni na kumuingiza utu uzimani. Maneno hayo yakafungwa ndani ya nyimbo na ngoma, mlango ukafungwa, wanaume na watoto wakabaki nje. Ndani palikuwa na somo, wari na wanawake waliokwisha kupita. Kwa hivyo mlango ule uliofungwa ulikuwa ni sehemu ya mafunzo yenyewe.

Hapo ndipo ilipo shida ya video hizi. Bi Kidude alikitoa kitu cha ndani akakiweka jukwaani. Hakulazimishwa, alikuwa mwanamke mwenye maamuzi yake tangu utoto, na hilo hata wasiomkubali hawalipingi. Lakini kamera ilipomaliza kazi yake, mlango haukuweza tena kufungwa.

Kwa nini tunapenda, kwa nini tunaona haya

Tusijifanye watakatifu. Tunampenda. Sauti ile iliyopasuka kwa umri, bila ya kubembeleza mtu, inatuchukua mpaka kwenye vibaraza vya bibi zetu. Tunapomuona kizee cha watu kinasimama na ngoma nzito kiunoni saa nzima, na vijana wanaopiga ala nyuma yake wanahema, tunajivunia. Visiwa vyetu havikuwapa wanawake wa kawaida majukwaa mengi. Mwanamke asiyekuwa na mali wala ukoo kusimama mbele ya ulimwengu na kusikilizwa, hilo ni jambo.

Na tunaona haya. Kuna mikao ya ngoma ya unyago ambayo maana yake ni ya chumbani, na pale inatazamwa na wanaume waliolipa tiketi. Kuna sigara mkononi. Kuna maneno ambayo mama mtu hawezi kuyasikiliza akiwa amekaa na mkwewe. Sisi tumefundishwa kwamba haya ni sehemu ya imani, na kwamba siri za mume na mke hazitolewi nje. Pia tumefundishwa kuwataja maiti wetu kwa wema na kuzisitiri aibu za wenzetu. Sasa mtu afanye nini? Akiitazama anaona haya, akiisema vibaya anamsengenya maiti, akinyamaza anaona binti yake anaikariri.

Si mara ya kwanza visiwa vyetu kugawanyika juu ya msanii aliyekwisha kufa. Freddie Mercury wa bendi ya roki ya Queen alizaliwa Mji Mkongwe tarehe 5 Septemba 1946, kwenye familia ya Kiparsi, jina lake likiwa Farrokh Bulsara. Onyesho la Queen la tarehe 13 Julai 1985 huko Wembley, London, bado linatazamwa dunia nzima. Lakini mwaka 2006, ilipopangwa sherehe hapa Unguja ya kutimiza miaka 60 tangu kuzaliwa kwake, jumuiya ya kidini ilipinga kwa sababu ya maisha aliyoishi, na sherehe ikafutwa. Wako waliosema ni wetu, wako waliosema si wetu. Watalii wanaendelea kuja kupiga picha mlangoni, na sisi tunapita zetu kwenda sokoni.

Ila lipo tofauti kubwa. Freddie Mercury hakuwa somo wa mtu. Hakuna bi harusi aliyeambiwa ajifunze ndoa kwake. Bi Kidude alikuwa somo, na ndiyo maana video yake inatugusa mahali ambapo muziki wa roki haufiki.

Tuliyoyaona Gulwe

Mwezi wa Shaaban uliopita tulialikwa harusi Gulwe, wilaya ya Mpwapwa, mkoa wa Dodoma. Wasiopajua tuwaambie: ni kituo cha reli ya kati, katika nchi ya Wagogo, penye vumbi jekundu, mibuyu na ng'ombe. Wakati wa mvua kubwa ndipo utakaposikia jina lake redioni, maana reli baina ya Kilosa na Gulwe imekuwa ikikatwa na mafuriko tangu zamani. Tulivuka kwa boti mpaka Dar es Salaam, tukapanda treni mpaka Dodoma, kisha gari kupitia Kongwa na Mpwapwa. Uislamu si mgeni pande zile. Mpwapwa ilikuwa kituo cha misafara ya Bagamoyo kwenda Unyamwezi kabla ya reli kujengwa, na reli ilipokuja ilileta watu wa pwani wengine.

Mama wa bi harusi ni mtu wa kwetu, aliolewa na mfanyakazi wa reli akahamia huko miaka mingi nyuma. Binti kazaliwa na kukulia huko huko. Alitaka singo ya Kizanzibari kamili, na mama yake hakuwa na mtu wa kumsaidia, kwani bibi zake waliobaki Unguja wamekwisha kufa. Basi binti akafanya alichoweza. Alitafuta video ya zamani ya Bi Kidude, akaiunganisha na televisheni ya jirani, akanunua kanga za doti, akatuomba tulete liwa na karafuu. Usiku ule chumba kilijaa wanawake, na video ikawekwa.

Hapo tuliziona hisia zote za watu wetu ndani ya chumba kimoja. Vijana walisimama wakafunga kanga viunoni na kuigiza kila wanachokiona. Bibi mmoja aliyekuja nasi kutoka Unguja alijifunika ushungi usoni, akasema taratibu, "Huyu alikuwa hai nikimjua. Si hivi tu alivyokuwa." Ustadhati wa madrasa ya pale alitoka nje, hakugomba wala hakumsema mtu, akarudi ilipozimwa. Mama wa bi harusi alikuwa akicheka na kulia kwa pamoja, kwa sababu ile sauti ilikuwa ni kwao.

Lakini aliyetufungua macho alikuwa jirani yao, mama wa Kigogo, aliyekuwa amekaa pembeni akichambua mchele. Aliitazama ngoma ile baina ya mapaja ya Bi Kidude, akasema, "Mbona hii ni muheme?" Kwa wasiojua, muheme ni ngoma ya wanawake wa Kigogo. Wanaibana mapajani na kuipiga kwa mikono, na asili yake imefungamana na jando na unyago wa huko. Nayo pia imetoka nje. Siku hizi utawaona wanawake wanaipiga kwenye mapokezi ya viongozi, kwenye televisheni, na kwenye tamasha la muziki wa Kigogo linalofanyika Chamwino. Tukamuuliza: na nyinyi mnaona vibaya? Akajibu kwamba kutoka kwa ngoma hakumuumizi. Kinachomuuma ni kwamba vijana wakiiona wanadhani wameshayaona yote. "Ngoma ni ya kuitia watu," alisema. "Maneno ni ya baadaye."

Tulikaa kimya. Mama yule, ambaye si Muislamu na hajapata kufika Unguja, alitufahamisha unyago wetu kuliko sisi tulivyoufahamu.

Maswali matatu ya bi harusi

Usiku video ilipozimwa na vijana kwenda kulala, bi harusi alitufuata chumbani. Alikuwa na maswali matatu, na aliyauliza kwa sauti ya chini.

La kwanza: mahari aliyotoa mume ni yake yeye au ya baba yake? La pili: josho la janaba linakogwaje, na hedhi ikimkuta safarini afanye nini na sala zake? La tatu aliliuliza akiwa ameinamisha kichwa: kama usiku wa kwanza ataumia au ataogopa, anaweza kumwambia mumewe asubiri, au itakuwa dhambi?

Wallahi tulisikitika. Binti alijua kufunga kanga vizuri kuliko sisi. Alijua kukatika kwa zamu, alijua hata kuitikia kwa wakati wake. Lakini hakuna aliyemwambia kwamba mahari ni mali yake mwenyewe, Mwenyezi Mungu ndiye aliyempa, na baba hana ruhusa kuila bila ya ridhaa yake. Hakuna aliyemfundisha kujitahirisha, jambo ambalo sala yake itasimama juu yake. Na hakuna aliyemwambia kwamba mume mwema ameamrishwa kukaa na mkewe kwa wema, na kuwa maumivu na khofu ni mambo ya kusemwa, yakizidi aende kwa daktari, asiyavumilie kimya miaka akidhani ndiyo ndoa.

Somo wa zamani alikuwa akiyasema haya. Ndiyo kazi yake. Bi harusi aliwekwa ndani, akasingwa siku kwa siku kwa liwa na karafuu, na mikono ile iliyokuwa ikimsinga ndiyo iliyokuwa ikimsemesha. Baada ya harusi somo alikuwa karibu naye siku saba za fungate, ili akipata tatizo awe na wa kumuuliza. Ngoma ilikuwa ni sehemu moja ya mafunzo hayo, nayo ilikuwa na kazi yake: kumchangamsha mwari, kumtoa khofu, kumuonyesha kwamba wanawake wote hawa wamepita hapa na wako hai. Sisi tumeichukua sehemu hiyo moja, tukaiweka kwenye kioo, tukaacha yaliyobaki yafe na wazee.

Hata nyimbo hatuzisikilizi

Ugonjwa huu hauko kwenye unyago peke yake. Mfano mzuri ni wimbo wa Kijiti, ambao Siti binti Saad aliuimba na Bi Kidude akauendeleza mpaka uzeeni. Mara ngapi tumeucheza ukumbini, tumetunza, tumepiga vigelegele? Na wangapi baina yetu wanajua kisa chake?

Ni kisa cha kweli cha Unguja ya zamani. Mwanamke mgeni alikuja kutoka bara, akatolewa matembezini usiku na watu aliowaamini, akadhulumiwa na kuuawa. Mwanamme aliyefanya hayo akakimbilia bara. Wanawake waliokuwa naye walipokwenda mbele ya hakimu kutoa ushahidi, wao ndio waliogeuzwa wakosa wakaadhibiwa. Siti, aliyetoka Fumba akiwa masikini, na ambaye mwaka 1928 alisafiri mpaka Bombay kutia sauti yake kwenye santuri, aliuimba msiba ule watu wasiusahau. Ule ni ushahidi wa wanawake uliokataliwa mahakamani ukapokewa kwenye wimbo.

Na sisi tunauchezea keki inapokatwa.

Hatusemi haya ili tumlaumu mtu. Tunasema ili tuone kwamba kutazama na kusikiliza ni mambo mawili mbali mbali. Video inatufanya tutazame. Tunamtazama bibi kizee anavyokatika, tunacheka, tunatuma kwa shoga. Alichokuwa akikisema tumekipita.

Wanaotupinga

Dada zetu wengine walituambia tunatia chumvi. Tuziangalie hoja zao kwa haki.

Wako wanaosema: kama si kamera, Bi Kidude angepotea kama walivyopotea masomo wengine mia waliokuwa hodari kama yeye. Hii ni kweli, na tunaikubali yote. Siti tunamsikia leo kwa sababu ya santuri. Wenzake ambao hawakurikodiwa wamebaki majina, na wengine hata majina hawana. Ndiyo maana tumesema hatutaki kitu kifutwe. Mwenye kufanya utafiti, mwanafunzi wa muziki, mjukuu anayetaka kumjua bibi yake, wote wana haki ya kuzikuta kumbukumbu hizi salama.

Wako wanaosema: muziki wenyewe ni haramu, kwa hivyo hakuna cha kujadili, zima. Wanazuoni wamekhitalifiana juu ya ala, na sisi si wanazuoni. Tunachojua ni kwamba dufu la kutangazia harusi wengi wao wameliruhusu, na kwamba kila bi harusi ana sheikh au ustadhati wa kumuuliza. Lakini hata anayezima, tunamuuliza: ukishaizima, umempa nini binti badala yake? Kuzima bila ya kufundisha kunamuacha binti na simu yake, na kwenye simu yapo mabaya kuliko Bi Kidude mara elfu.

Na wako wanaosema: mwenyewe alikubali, nyinyi mna haya za nini? Kweli alikubali jukwaa. Ila alipozeeka na kuugua kulikuwa na mvutano baina ya jamaa waliotaka apumzike na watu wa muziki waliotaka aendelee, mpaka ikatoka filamu nyingine juu ya siku zake hizo za mwisho. Mtu akishakuwa picha, kila mmoja anadai ana fungu lake. Tena yeye alikubali kwa ajili ya nafsi yake, hakukubali kwa niaba ya bi harusi wa leo anayerikodiwa na shoga zake akiwa na kanga moja tu.

Wewe utarikodiwa na nani?

Hili ndilo tunalotaka mabibi harusi wetu walizingatie zaidi. Tumetumia siku nyingi kubishana juu ya video ya marehemu, na huku kila wiki tunatengeneza video mpya za walio hai. Singo ya leo ina simu 40 ndani ya chumba. Bi harusi amevaa nguo za ndani ya nyumba, bega wazi, nywele wazi, anafundishwa, anacheka, na kila upande kuna mkono umenyanyua simu. Usiku huo huo yuko kwenye simu ya kaka wa shoga. Baada ya mwaka yuko kwenye simu za watu asiowajua. Bi Kidude angalau alijua kuna kamera.

Baada ya Gulwe tulikaa tukashauriana, na haya ndiyo tunayowanasihi.

Tafuta somo aliye hai, na umtafute mapema. Si lazima awe mtu maarufu wala mpiga ngoma. Awe mwanamke aliyekaa kwenye ndoa kwa akili, anayeijua dini yake, anayetunza siri, na ambaye hutaona haya kumuuliza. Kama uko mbali na kwenu, kama yule mdogo wetu wa Gulwe, mwite mtu wiki mbili kabla ya harusi kuliko kuita bendi kwa usiku mmoja. Nauli ya bibi mmoja kutoka Unguja ni ndogo kuliko gharama ya mapambo ya ukumbi.

Andika maswali yako. Mahari, matumizi ya nyumba, josho, hedhi, uzazi, kazi yako na mshahara wako, wakwe, na nini ufanye ukidhulumiwa. Somo ambaye hawezi kujibu lote atakupeleka kwa anayejua.

Simu zibaki mlangoni. Weka kapu zuri lenye kitambaa, na mtu mzima mmoja alisimamie. Wambie wageni kwenye kadi, wasije wakaona wamedhalilishwa. Atakayenuna atanuna siku moja. Picha yako itakaa miaka. Ukitaka kumbukumbu, chagua mpiga picha mwanamke mmoja, na mkubaliane kabla juu ya kitakachopigwa na nani atakaa na picha.

Ukitaka kumsikia Bi Kidude, msikie. Weka sauti peke yake, waache wanawake wacheze wao kwa wao, kisha mtu mzima mmoja aeleze maana ya maneno. Mtashangaa namna chumba kitakavyonyamaza. Na mkimaliza, mumuombee. Wengi tunamcheza, wachache tunamsomea Fatiha.

Na sisi tulio na wazee nyumbani tuna kazi yetu. Tukae nao, tuwaulize walifundwa nini, na wakiridhia tuyaandike kwa mkono, yakae ndani ya familia. Wanawake wa Gulwe wana mabibi wao wa muheme, sisi tuna wetu wa msondo, na wote wanaondoka mmoja mmoja.

Yule bi harusi alijibiwa maswali yake matatu usiku ule ule. Yule bibi aliyejifunika ushungi ndiye aliyemjibu, wakakaa wawili peke yao mpaka alfajiri inakaribia. Hatukusikia walichosema, wala hakuna simu iliyorikodi, na ndivyo inavyotakiwa.

Mwenyezi Mungu amrehemu Bi Fatuma binti Baraka, amsamehe yeye na sisi, awape mabibi harusi wetu masomo wema na waume wema, na atupe sote sitara ya dunia na akhera. Amin.

Wabillahi tawfiq.